Mita Kumi

Siku ile mkono wangu uliishia kwenye kiwiko. Niliunyoosha mbele yangu, kiganja kikamezwa na maji ya kijani yaliyojaa tope, na vidole nilijua ninavyo kwa sababu tu vilikuwa vinauma kwa baridi. Nilikuwa namtafuta Se-ra. Nilimwita jina ndani ya kipumulio kama mwehu, yakatoka mapovu.

Na juu, kwenye ubao wa duka letu la wapiga mbizi, palikuwa na mwandiko wangu wa chaki wa asubuhi hiyo. Baridi ya maji, nyuzi tano. Kuona, mita kumi.

Pale bandarini Galmae kila duka lilikuwa na ubao wake, na wageni wa Seoul waliusoma kabla hata ya kusalimia. Kwetu, mwenye zamu ya asubuhi alishuka kwanza. Chini kulikuwa na tofali kubwa la zege lenye sahani nyeupe, na kamba yenye fundo kila mita. Unaishika kamba, unarudi kinyumenyume mpaka sahani ipotee machoni, unahesabu mafundo. Basi, hiyo ndiyo namba ya siku. "Jirani anapima bahari akiwa kitandani," Mzee Maeng, mwenye duka, alikuwa akitutania. "Sisi tunalowa."

Mimi nilichoka kulowa. Suti yangu ilikuwa inavuja shingoni, na jana yake nilitetemeka tangu asubuhi hadi chakula cha jioni. Mzee Maeng alikuwa ameshatoka na boti. Nilisimama gatini na kikombe cha kahawa, nikaitazama bahari kwa juu. Ilikuwa imetulia tuli. Ulikuwa mwezi wa tatu, theluji inayeyuka milimani, na nilijua vizuri mto unaomwagika pale unaweza kushusha tope kiasi gani usiku mmoja. Jana ilikuwa mita kumi. Nikaandika kumi.

Pyo Dong-uk na mkewe, Se-ra, walifika saa tatu. Walikuwa wateja wetu kwa miaka mitatu, wazoefu, hawakuhitaji mwalimu kama mimi awaongoze. Se-ra aliusoma ubao akacheka.

"Kumi! Leo hata ukinikimbia nitakuona, baba."

"Nikukimbie niende wapi na mtungi huu mgongoni?"

"Mwalimu," akanigeukia, "tukitoka tunataka ile supu ya samaki. Pilipili ya kulia machozi, usituonee huruma."

Dakika ishirini baada ya wao kuzama Dong-uk aliibuka peke yake, anapiga kelele. Niliingia mara moja, na nimeshasema nilichokiona.

Waokoaji wa mjini walifika baada ya saa moja na nusu. Mkondo ulikuwa umegeuka, tope limesogea, maji yamefunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Walimkuta Se-ra amenaswa kwenye wavu mkuukuu, mita sita kutoka kwenye tofali.

Polisi aliupiga picha ubao. "Nani alipima?"

"Mimi."

"Kumi?"

Dong-uk alikuwa ameketi kwenye benchi, amefunikwa blanketi. Ametoka kuwaeleza kwamba chini hakuona kitu, nao wameandika kwamba amechanganyikiwa. Alinitazama akingoja.

"Kumi," nikasema.

Msibani, mama yake Se-ra alimsimamisha mkwewe mlangoni mbele ya watu. "Maji ya mita kumi, na mwanangu yuko mita sita. Ulikuwa unatazama nini?" Hakumruhusu kukaa na wafiwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, viatu mkononi. Nikavivaa tena, nikaondoka.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikuwa ya miaka saba. Sikukosa kushuka hata asubuhi moja, zamu yangu au ya mwingine, na kila nikifika fundo la sita nahisi mtu ameshika upande wa pili wa kamba. Anaivuta kidogo tu. Najua ni mkondo. Najua, lakini huwa namwitikia.

Kisha Dong-uk akaja, siku ya kazi, bila vifaa, nywele zimejaa mvi. Nilimkaribisha mezani.

"Sikuja kugombana, Mwalimu. Tulipofika chini tulikuta tope. Tukadhani ni kidogo, tutalipita, maana ubao ulisema kumi. Nikatazama geji yangu ya hewa, kuinua macho, hayupo. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Lakini miaka yote hii wananiambia maji yalikuwa meupe, na sasa nikifumba macho nayaona meupe. Namwona pale kwenye wavu. Ananipungia mkono, na mimi napita. Niambie tu. Nilikuwa kipofu?"

"Hapana," nikasema. "Sikupima. Niliandika ya jana. Nilipoingia kumtafuta sikuona hata kiganja changu."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Yeye alitoa simu, akabonyeza namba, akaiweka mezani katikati yetu.

"Mwambie mama mkwe."

Nilimwambia yote, tangu kahawa hadi polisi. Nilipomaliza yule mama akauliza, "Na kwa nini hukushuka?"

Nilikuwa na majibu ya miaka saba: suti mbovu, zamu ndefu, bahari iliyotulia. Yote yakanikimbia, likabaki la kweli.

"Kulikuwa na baridi, mama."

Nyumbani kwake televisheni ilikuwa inaimba tangazo. Ikazimwa.

"Dong-uk yupo hapo?"

"Yupo."

"Amekonda?"

Nikamtazama. "Amekonda, mama."

"Mwambie aje ale. Leo hii."

Simu ikakatika. Dong-uk alikuwa ameshasimama, anahangaika na zipu ya koti, analia, vidole havimtii. Nilitaka kumsaidia. Sikuthubutu kumgusa.