Nyasi za Rweya Jikoni Kaagya

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea pale bomani Bukoba, karibu kila mwanamume wa Kaagya alinunua kitu. Yuko aliyenunua baiskeli, yuko aliyenunua koti zito la kanisani akalivaa hata jua likiwaka. Mume wangu Byabato alinunua mabati. Tukajenga nyumba ya pembe nne, na nyuma yake jiko kubwa lenye milango miwili, mmoja ukitazama kibanja chetu cha migomba na mwingine ukitazama msonge wa mama yake.

Msonge ule ndio uliotunyima raha. Ulikuwa wa zamani, nyasi kutoka kileleni hadi chini, na mchwa walikuwa wamekwisha kuila nguzo ya kati, ukiigonga kwa ngumi inalia kama debe tupu. Mama mkwe wangu, Kokuhirwa, alikaa humo peke yake, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu. Mimi mama yangu alikufa ningali mdogo. Huyu ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kugandwa na utomvu, na siku nilipojifungua ndiye aliyenishika mgongo. Kila mawingu yalipojikusanya upande wa ziwa, nilitoka nje kuutazama msonge wake. Masika yalikuwa yanakuja, na nguzo ile isingeyavuka.

Tulimwomba ahamie kwetu. Byabato aliomba, mimi nilipiga magoti nikaomba. Jibu lake halikubadilika.

"Nyumba yenu haina nyasi," alisema. "Mnataka niketi juu ya nini?"

Kwetu nyumba ilikuwa ni nyasi. Ulikwenda kuzikata rweyani, kule kwenye uwanda wazi nje ya migomba, ukachagua zilizo ndefu na laini, ukazitandaza sakafuni nene kama godoro. Mgeni aliketi hapo, mtoto alilala hapo. Zikichakaa ulitandaza nyingine juu yake. Nyumba yenye sakafu tupu ilikuwa ya mjane aliyekosa mtu, au ya mwanamke mvivu. Na Mae, ndivyo tulivyomwita mama mkwe, kwa macho yale alitembea kwa nyayo. Penye nyasi nene alijua amefika kitandani, zikipungua alijua moto uko karibu.

Lakini nyasi hizo hizo zilifuga viroboto na funza. Siku moja msongeni, mwanangu Joviana akiwa ndiyo kwanza anatambaa, cheche iliruka kutoka mafigani, nyasi zikawaka upana wa ungo, karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Nilizima kwa maji ya kuoshea ndizi. Tangu hapo nilisema jikoni kwangu nyasi hazitaingia. Basi nikawa nimekwama: bila nyasi Mae haji, na zikiwepo mtoto ataungua. Jiko lilisimama na bati lake jipya na udongo mtupu chini, nikiendelea kupika nje chini ya mgomba.

Tulianza kutafuta sakafu. Dada yangu Immakulata, aliyeolewa Muleba, alituma habari kwamba mume wake ametandika matofali ya kuchoma jikoni. Tukaenda kuona, na Mae tukaenda naye. Yalikuwa yamepangwa kwa mistari kama mihogo kwenye tuta, mekundu, ya kupendeza. Immakulata akatuonyesha akiwa amesimama katikati na mikono kiunoni. Mae aliinama, akayapapasa moja moja, akauliza yametengenezwa wapi, akaambiwa ni yale yale ya kujengea nyumba.

"Kwa hiyo ninyi mnakanyaga ukuta," alisema.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Ila mimi niliona magoti ya watoto wa dada yangu, mekundu kwa vumbi la tofali, na pale karibu na mafiga palipomomonyoka shauri ya moto na maji. Nilirudi Kaagya sijachagua.

Hapo Byabato akanipeleka mjini, Bilele, kwa rafiki yake Muharami aliyekuwa akinunua kahawa. Mke wake, Shamsa, alikuwa mwanamke mcheshi mwenye kanga safi muda wote. Alinipokea mlangoni, akatazama miguu yangu yenye vumbi la njia nzima, akasema, "Karibu mwenzangu, lakini hiyo miguu iache hapo nje." Kisha akacheka, akanipa kata ya maji nikanawa.

Nikaingia jikoni kwake, nikasimama.

Sijui nisemeje. Chini palikuwa pa kijivu, pamenyooka kama maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka, na mwanga wa mlango ulikuwa umelala humo ndani. Nilinyanyua mguu, na chini kivuli kikanyanyua mguu. Shamsa alichukua ndoo akamwaga maji sakafuni, nikaruka pembeni, nikidhani patakuwa tope. Yalikimbia yote hadi kwenye tundu la ukutani yakatoka nje, na sakafu ikabaki kama ilivyokuwa. Haikunywa hata tone. Nilichuchumaa nikaigusa kwa kiganja. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, tena ilikuwa jiwe moja, ukuta kwa ukuta, bila kiungo. Nilijiuliza jiwe kubwa namna hii lilipitaje mlangoni.

"Ni simenti," Shamsa alisema. "Unga kama unga wa muhogo. Unaukoroga, unaulaza, unaamka jiwe."

Alinieleza kila kitu, jinsi mafundi wao walivyofanya, na akanionya nisiiache ikauke upesi, niimwagilie kila mara, la sivyo itapasuka kama midomo wakati wa kiangazi.

Nilipomsimulia Mae, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jiwe hilo analijua. Liko kwenye baraza ya zahanati ya misheni, na ndilo lililomwangusha mbele ya masista, miguu juu. Nikasema basi tutamtandikia nyasi juu yake. Akaniuliza kama nimewahi kuona nyasi zikikaa juu ya jiwe lililolainishwa. Zingeteleza, na yeye angeteleza nazo, na kwa umri wake nyonga ikivunjika ndiyo safari. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akichambua maharage, akaendelea kuchambua.

Byabato alisema tulaze simenti, mama atazoea. Nami moyo ulikuwa umekwisha kubaki Bilele. Mifuko ililetwa kwa baiskeli, ya karatasi, mizito kama mtu aliyelala. Mchanga tuliuchota ufukweni, nikauchekecha kwa ungo mpaka konokono wote wakabaki juu. Tulipondaponda mawe tukayashindilia chini, Byabato akakoroga kwa jembe, mimi namimina maji. Mlango hadi mlango tulikwenda kwa magoti, yeye akisawazisha kwa ubao, mimi nikilainisha kwa chupa. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumetokea mlango wa kibanja kinyumenyume. Jiko lilikuwa limejaa kijivu kibichi kinachong'aa. Byabato alivua kofia kama yuko kanisani. Tukambeba Joviana, tukashuka kisimani kuoga.

Mae naye alikuwa akitoka rweyani na mzigo wa nyasi, za nyumbani kwake. Alipita kwenye mlango wetu akaona sakafu mbichi, ya kijivu, haina kitu.

Huko bondeni kwetu kuna udongo wa kijivu, na mwanamke akimaliza kukandika sakafu mpya kwa udongo huo hangoji ikauke. Nyasi za kwanza hutandazwa ingali na unyevu, zishike, ili zitakazofuata zisikimbie. Hatukuwa tumemwambia kuwa tumeamua simenti, na macho yake yalimwambia ni udongo ule. Akafungua mzigo. Kwa kuwa hakutaka kukanyaga kazi ya mtu, alirusha nyasi kutoka mlango mmoja, akazunguka akarusha kutoka mlango wa pili, kisha akachukua upondo wa kuvutia matawi ya mibuni, akazichana na kuzigandamiza, akazichana na kuzigandamiza, mpaka zikalala zote.

Tuliporudi tulimkuta ameketi nje akijipangusa uso.

"Niliona umechoka, mwanangu," aliniambia, "nikakumalizia."

Byabato alifika mlangoni akatazama. Mtu hamkaripii mama yake. Akaenda zake kibanjani, na kwa muda mrefu nikasikia panga likikata majani makavu ya migomba ambayo hayakuwa na kosa. Mae ndipo akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ile haikuwa udongo. Aliinamisha kichwa, akaanza kusokota ncha ya shuka yake, na mimi nikamwona alivyozeeka.

Byabato alirudi akitaka kuzing'oa. Nikamzuia, maana alipovuta unyasi mmoja pembeni uliinuka na ngozi ya simenti. Tukaziacha. Kwa vile Shamsa alisema imwagiliwe, nikawa nanyunyiza maji juu ya nyasi asubuhi na jioni, nikihisi kama ninamwagilia kaburi. Mae hakuja jikoni. Mvua za kwanza zilinyesha, na msonge wake ukaegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza.

Nyasi zilipogeuka njano kabisa, Byabato akasema tumalize aibu hii. Alianzia pembeni, akakusanya kwa mikono. Zikatoka kirahisi, kavu. Alipobeba fungu la tatu hivi, mwanga wa mlango wa kibanja ukaingia ukiwa umelala, naye akasimama na fungu kifuani.

Sakafu yote ilikuwa rweya. Kila unyasi ulikuwa umeacha mahali pake, umbo lake, hadi mshipa wa katikati ya jani. Nyingine zilijikunja, nyingine zilipishana, na popote upondo ulipopita zilikuwa zimelala upande mmoja, kama upepo umetoka kupita hapo sasa hivi. Mashuke yaliacha mbegu zake, vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano. Karibu na mahali pa mafiga ilibaki alama ya mguu wa panzi, na meno yake madogo yote unayaona. Nilimwaga maji kidogo. Yalitembea ndani ya majani yale, jani hadi jani, mpaka kwenye tundu tulilotoboa ukutani kama la Shamsa, na jiwe halikunywa. Kiroboto angejificha wapi? Cheche ingeshika nini? Nilitaka kumwita Byabato, nikakuta ameketi chini, anafuatisha shuke moja kwa kidole.

"Nenda ukamlete," alisema.

Mae alikuja polepole, akishika ukuta. Kwenye kizingiti alisita, akanyoosha mguu kama anayejaribu maji ya mto. Ulipogusa, vidole vyake vya mguu vilifunguka. Akaweka wa pili. Akatembea. Sikumshika. Alifika katikati, akachuchumaa, akaweka viganja vyote viwili chini, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

"Hizi nilizikata karibu na kichuguu," alisema. Akasogeza mkono. "Na hizi zile za mteremkoni, zenye manyoya." Akasogea hadi mahali pa mafiga, ambako siku ile nyasi zilimpungukia, akapapasa palipokuwa laini. "Hapa ni moto."

"Ni moto, Mae."

Kisha akasimama mwenyewe, bila ukuta, akatoka. Tulidhani amekwenda kupumzika. Alirudi na makaa ya msongeni mwake ndani ya kigae, akiyakinga upepo kwa jani la mgomba, akaniambia nisogee ayaweke. Usiku ule alilala kwetu.

Watu walikuja kutazama sakafu ile hata kutoka Kemondo. Walivua viatu bila kuambiwa. Shamsa naye alikuja, akazunguka jiko lote kimya, jambo ambalo sikulitegemea kwake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mama mkwe wangu anakodishwa.

Msonge ulianguka masika hayo hayo, mchana, mvua ikiwa imekatika. Mimi na Mae tulikuwa jikoni tukimenya ndizi, Joviana amelala sakafuni kwa tumbo akichokoa mashuke. Tulisikia nguzo ikivunjika, kisha mlio mrefu, laini, wa nyasi nyingi zikishuka pamoja. Mae aliinua kisu, akasikiliza mpaka ukaisha.

"Ningekuwa nimelala humo," alisema.

Akavuta chana nyingine karibu, akaendelea kumenya.