Mgeni Aliyembishia Bingwa

Katika kundi lile la simu la watu wanaochezea kompyuta ndogo, zile ambazo bodi nzima yaenea kiganjani, hakukuwa na jina zito kama Bingwa. Kazini alikuwa karani wa ofisi ya maji. Kundini alikuwa msimamizi na mufti. Mtu akiuliza jambo, chai yake haijapoa, Bingwa kashamjibu kwa vipengele vyake vitano, na watu elfu mbili wakamwagia vidole gumba. Jambo moja tu hakuwahi kuwaambia, nao hawakuwahi kumuuliza: bodi yenyewe hajawahi kuigusa. Alisoma, akakariri, akagawa, kama mshenga mseja.

Siku ya siku dada yake mkubwa, muuguzi wa zahanati, akampigia simu. Jokofu la chanjo lilikuwa likipanda joto bila mtu kujua. Mfadhili alikuwa amewaletea bodi na kihisi joto, boksi tu bila mtaalamu, ili joto likizidi ujumbe uingie kwenye simu yake.

“Njoo Jumamosi,” dada alisema. “Na usiniletee maneno, mdogo wangu. Niletee mikono.”

Kukataa kungekuwa kujianika. Akaenda.

Walimpa kona ya meza ya chuma kando ya jokofu, na nje ya mlango akina mama wamepakata watoto kwenye benchi. Aliitoa bodi kwa ncha za vidole kama anayetoa kifaranga kwenye ganda. Akachomeka chaja ya simu yake, maana mara mia alikwisha andika kwamba chaja yoyote ya simu inafaa. Taa nyekundu ikawaka, ikakonyeza, ikafa. Akachomoa, akachomeka, akachomoa. Mara ya tano kadi ya memori nayo ikagoma kusomeka. Dada aliingia kuchukua chanjo, akamtazama shati lililolowa jasho mgongoni, akatoka na chanjo zake. Afadhali angemkemea.

Kuuliza kundini kwa jina lake kungekuwa kuvua nguo sokoni. Kwa hiyo akachukua laini yake ya pili, akajiita Mgeni, akaomba kujiunga, akajikubalia mwenyewe, akaeleza shida yake kwa vipengele vitano. Majibu yakamiminika, na yote yalikuwa maneno yake, yamenakiliwa nukta kwa nukta. Mmoja akamwambia atulie amsubiri Bingwa. Aliyasoma kama mwenye duka la dawa aliyeuziwa dawa zake mwenyewe, na sasa anaumwa kweli.

Ndipo mama mmoja fundi wa majokofu, ambaye kwa miaka yote hakuwa ameandika kundini zaidi ya mara tatu, akamwandikia pembeni. Alimuuliza chaja ni ya nguvu gani na waya una urefu gani. Alipojibiwa, akaandika:

“Hiyo bodi ina njaa. Chaja ya simu inaionjesha tu. Nunua chaja yake yenyewe, yenye waya mfupi mnene. Kadi ifute, uiandike upya, na kuanzia leo usichomoe umeme kabla hujaizima kwa amri. Kihisi kipe volti tatu, si tano.”

Alikwenda dukani, akarudi, akaiandika kadi upya kwenye kompyuta ya zahanati, akaunga kihisi kwenye volti tatu. Saa nane mchana bodi iliwaka na kutulia, na kiooni ikatokea nyuzi nne nukta sita. Akaacha mlango wa jokofu wazi kwa makusudi. Baada ya muda simu ya dada ikalia huko nje, na mwenyewe akaja mbio, glavu mkononi.

“Kumbe unaweza,” akasema.

Vidole gumba vya miaka sita havikuwahi kumfikia moyoni namna ile. Akainama chini ya meza, eti anatafuta skrubu.

Alipoketi benchini aliazimia kusahihisha kosa. Alitaka kuandika kwa jina la Bingwa, lakini vidole vikakataa, akaandika kama Mgeni: chaja ya simu haitoshi, hapo Bingwa alikosea. Kundi likawaka moto. Mtu kaingia asubuhi, jioni anamkosoa mwalimu? Fundi wa majokofu aliandika kwamba Mgeni anasema kweli, akazomewa naye. Watu themanini wakataka Mgeni afukuzwe, msimamizi atoe uamuzi.

Msimamizi alishika simu, akavuta pumzi, akamfukuza Mgeni. Vidole gumba mia tatu.

Kisha, kwa laini ileile ya pili, akamwandikia fundi kwamba amefukuzwa, na kama hatamsumbua, angependa kwenda kwenye karakana yake kujifunza kazi kwa mikono.

“Njoo Jumanne baada ya kazi,” fundi akajibu, “na uje na bisibisi yako. Watu wanaouliza maswali kwa vipengele vitano siwajui wengi. Nikuite Mgeni, au nikuite Bingwa?”

Aliusoma ujumbe ule mara tatu, masikio yakimuwaka. Halafu akainuka, akaenda kununua bisibisi.