Mikorosho Mitatu Kabla ya Chokaa

Mwalimu Yohana hakuamini kwamba kuna kiumbe aitwaye mtu wa kawaida. Kulikuwa na mtu aliyefunzwa, na kulikuwa na mtu aliyeachwa, basi. Yeye alifunzwa. Katika shule ya bweni aliyosoma, kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, wavulana wakakimbia pekupeku hadi mtoni na kurudi, na aliyechelewa kwa sekunde moja alihesabiwa kuwa amechelewa. Yohana mwenyewe alipata kuchelewa kwa sekunde hiyo moja, akanyimwa nafasi katika timu ya shule, wala hakulalamika. Kisa hicho aliwasimulia wanafunzi kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu akahamia nacho kwenye ghala la korosho pembezoni mwa Likombe, alikoajiriwa kuwa msimamizi wa walinzi.

Ilikuwa Septemba, mikorosho imechanua na hewa inanuka salfa iliyopulizwa mashambani, pale meneja wa ghala, kijana aitwaye Brian, alipotoa agizo. Msimu uliopita magunia yaliibwa. Safari hii kila mlinzi angefanya mtihani wa viungo kama wa jeshini: pushapu arobaini, kisha kukimbia kilomita mbili na mita mia nne ndani ya dakika kumi na mbili. Wanawake wangepunguziwa kidogo. Atakayeshindwa, kazi hana.

"Jeshi gani hilo la kulinda korosho?" aliuliza Rehema, mlinzi wa lango kuu. "Au tumetangaza vita na panya?"

Walinzi waliangua kicheko. Yohana hakucheka.

"Sisi tulipokuwa na miaka kumi na saba, dada Rehema, mtihani huu tungeufanya kabla ya uji."

"Nirudishieni na mimi hiyo miaka kumi na saba, Mwalimu, halafu muone. Huo uji wenyewe sitaudai."

Aliyekuwa na la kupoteza zaidi ya wote alikuwa Selemani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliimalizia kwenye lango la nyuma la ghala lile. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa kidato cha tatu, bweni, katika shule ambayo Yohana mwenyewe alimwandikia barua ya kumwombea nafasi. Kazi ya baba ikikatika, binti angerudi nyumbani. Hilo wote walilijua, na Yohana kuliko wote.

Kwa wiki tatu Selemani aliiacha baiskeli nyumbani akawa anakuja kazini mbio. Yohana alimwona kila asubuhi akitokeza barabarani, shati limemganda mgongoni, akafurahi moyoni bila kusema. Alitamani apite. Alitamani apite kwa haki, ili siku moja yeye Yohana awe na kisa kingine cha kusimulia mbali na kile cha sekunde moja.

Uwanja uliopimwa haukuwapo. Yohana alikumbuka kijitabu cha wakulima alichokuwa amekisoma: mkorosho na mkorosho, mita kumi na mbili. Nyuma ya ghala palikuwa na shamba kongwe, safu moja ya mikorosho ikiongozana na barabara ya vumbi. Alihesabu nafasi mia moja kwenda, akikumbuka kuhesabu na visiki vya ile iliyokufa, na mia moja kurudi. Jumla, kilomita mbili na mita mia nne kamili. Mti wa kuanzia, ambao ndio pia wa kumalizia, akaupaka chokaa. Alisimama akautazama kwa ridhaa ya mtu aliyeona vitabu vikitenda kazi.

Siku ya mtihani vijana walipita, Rehema akapita kwa muda wa wanawake, akajitupa chini akisema asizikwe kabla ya kula. Selemani alikuwa wa mwisho. Alitokea kwenye kona akikimbia vizuri, mabega yametulia, mdomo wazi. Wenzake walimwita kwa jina. Katika mikorosho ya mwisho miguu ilianza kumlemea. Aligusa chokaa kwa kiganja.

Yohana alitazama saa yake.

"Dakika kumi na mbili na sekunde nane," alisema, kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea matokeo darasani. "Umeshindwa."

"Mwalimu!" Rehema aliinuka. "Sekunde nane ni mtu kupiga chafya!"

"Sekunde ni sekunde."

Selemani alikuwa ameinama, mikono magotini. Aliongea bila kuinua kichwa. "Mwalimu, mashimo ya shamba hili alichimba marehemu baba yangu. Walipima kwa kamba ya futi. Futi arobaini, shimo kwa shimo. Hizi mita zenu zilikuwa bado."

Walinzi waligeuka kuitazama miti. Yohana alihisi damu ikimpanda usoni.

"Selemani, usijishushe. Mwanamume akishindwa, hatafuti sababu kwenye miti."

Selemani alijinyoosha, akamtazama kidogo, akaenda kuvua sare.

Kesho yake, jua likiwa halijapanda, Yohana alikwenda shambani peke yake na futi ya utepe aliyoazima kwa fundi ujenzi. Alisema moyoni kwamba anakwenda kuthibitisha. Alipima nafasi kumi: mita mia moja ishirini na mbili, kasoro kidogo. Akapima kumi nyingine. Jibu lile lile. Akaendelea safu nzima, magoti yamejaa vumbi, hadi hesabu ilipokwisha kabisa. Njia yake ilikuwa imezidi kwa mita thelathini na nane. Mtihani ulipaswa kuishia mikorosho mitatu kabla ya chokaa. Mtu aliyekimbia kwa mwendo wa Selemani alikuwa amepita hapo dakika ya kumi na mbili ikiwa haijatimia.

Hakuficha. Hilo angelikumbuka baadaye, na lingekuwa faraja yake pekee: siku hiyo hiyo alikwenda kwa Brian akaeleza.

Brian alimsikiliza akizungusha kalamu. "Mimi sikuwapo huko shambani, Mwalimu. Nafasi nimemwahidi mtu mwingine, ila hajaanza. Tufanye hivi. Jumatatu asubuhi, mbele ya walinzi wote, sema kwamba ulikosea kupima na kwamba Selemani alipita. Nikisikia hivyo namrudisha palepale. Sitaki maneno ya pembeni, kesho wenzake waseme nimempendelea."

"Ni haki," alisema Yohana.

Jumapili baada ya ibada alikaa mezani akaandika atakayosema. Sentensi ya kwanza ilikuwa fupi: *Nilikosea, na Selemani alipita.* Aliisoma. Akamwona Rehema akiisikia, na vijana aliokuwa akiwakemea kwa vifungo vya shati. Akaifuta. Aliandika nyingine ndefu zaidi, yenye heshima zaidi, na kila alipoirudia ilizidi kurefuka.

Jumatatu walinzi kumi na wanne walipanga mstari. Selemani alisimama karibu na lango, ameshika baiskeli, amevaa shati lililopigwa pasi. Ahadi ya Brian ilikuwa imesikika hadi langoni, na Rehema alikuwa amempelekea habari.

"Haya, Mwalimu," Rehema alisema taratibu. "Sema tu."

Yohana alikohoa. "Katika zoezi la wiki iliyopita," alianza, "imebainika kwamba palikuwa na hitilafu ndogo katika vipimo vya njia, hitilafu iliyotokana na taarifa zilizokuwapo wakati huo. Jambo la namna hii hutokea. Hata hivyo, kanuni ya muda inabaki kuwa kanuni."

Lori lilipita kuelekea bandarini, likaacha vumbi.

Brian alisubiri. "Kwa hiyo, Mwalimu? Selemani alipita au hakupita?"

Neno lilikuwa moja. Yohana aliinua uso. Macho ya mstari mzima yalikuwa juu yake, na katika macho hayo alijiona jinsi alivyokuwa amejijenga kwa miaka arobaini, tofali juu ya tofali.

"Mtihani uliendeshwa kwa uaminifu," alisema, "kwa kadiri ya vipimo vilivyokuwapo."

"Basi matokeo yanabaki," alisema Brian, akarudi ofisini.

Rehema alitema mate pembeni, akaenda kufungua lango bila amri.

Yohana alimfuata Selemani hadi barabarani. Alitaka kusema kitu, chochote. Selemani hakupanda baiskeli; alisimama akamngoja.

"Barua uliyomwandikia Mwanaidi ninayo," alisema Selemani, bila hasira. "Uliandika kwamba ametoka kwa watu waaminifu. Nilifurahi sana siku ile. Sisi hatujui kuandika vizuri, Mwalimu. Wewe tungekuandikia barua ya namna gani?"

Hakungoja jibu. Alirukia baiskeli akaenda zake.

Msimu ulianza, magunia yakaingia, Mwanaidi akarudi nyumbani na sanduku lake. Chokaa bado iko kwenye ule mti. Kila asubuhi Yohana hupita njia ile kwenda kazini, na kila afikapo mikorosho mitatu kabla ya chokaa hutazama saa yake, ingawa hakuna anayekimbia.