Shombo Alipohama

Shombo alianza kuhama siku ambayo jua lilikuwa kali kuliko siku zote za juma lile. Ni paka wetu wa kijivu, tuliyempa jina hilo kwa kupenda kwake kulala ndani ya tenga la samaki. Alikuwa amezaa chini ya kitanda cha binti yangu Sabra, na Sabra mwenyewe amelala juu ya kitanda hichohicho na kichanga chake. Wazazi wawili chumba kimoja. Nikasema basi uji wa pilipili manga tupike sufuria mbili.

Asubuhi hiyo nilikuwa namkanda Sabra mgongo kwa maji ya moto, nikamwona Shombo amembana mtoto wake shingoni kwa meno, anavuka kizingiti. Hakutazama nyuma. Akashika njia ya juu, ile ya kwenda shuleni.

"Mama, anawapeleka wapi?" Sabra akauliza.

"Anakwenda kuwaandikisha darasa la kwanza."

Bi Mwasiti, mama yake Asadi, mume wa Sabra, akaingia na maji mengine ya moto. Akaona pengo chini ya kitanda, akaniangalia.

"Umewachungulia, mzazi mwenzangu. Paka akichunguliwa watoto hawajafumbua macho, anahama. Nilikwambia hayo macho yako hayana adabu."

"Mimi? Si wewe uliyeinama jana ukasema mmoja amefanana na marehemu mumeo?"

"Masharubu tu! Nilisema masharubu!"

Sabra akacheka mpaka akashika tumbo.

Nyumba ya Sabra na Asadi iko Mahurunga, upande wa bondeni, kati ya mashamba ya mpunga na Mto Ruvuma. Asadi anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Chikongola, huko Mtwara mjini, anarudi mwisho wa juma. Kwa hiyo tulibaki sisi bibi wawili kumlinda mzazi. Na kwetu mzazi halindwi mchezo. Mpaka arobaini iishe, mama havuki kizingiti na mtoto haoni mbingu. Mimi naliheshimu jambo hilo, lakini Bi Mwasiti analishika kwa meno, na haki yake anayo. Mtoto wake wa kwanza, Chande, alitolewa nje kabla ya arobaini, akapelekwa kwenye mazishi ya babu yake. Mwezi haukuisha, udongo ukampokea na yeye. Tangu siku hiyo, nyumba yoyote yenye kichanga, Bi Mwasiti mkeka wake anautandika mlangoni.

Basi akapanda mpaka shuleni, akamkuta mtoto wa paka nyuma ya jiko la shule, akamrudisha ndani ya upindo wa kanga. Akamweka na wenzake, akawafunika kwa tenga. Shombo akamtazama kama mtu anavyomtazama mlevi. Bi Mwasiti alipogeuka tu, paka akalisukuma tenga, akambeba mwingine. Ikawa hivyo, huyu anapeleka, huyu anarudisha, jasho linawatoka wote wawili.

Juma lililotangulia tulikuwa tumekiogopa kimbunga kutoka baharini. Watu walifunga mapaa kwa kamba, wakaweka mawe juu ya mabati. Kisha redio ikasema kimegeuka, kimeelekea kusini, Msumbiji. Tukamshukuru Mungu, tukafungua kamba, watu wakarudi kwenye mpunga. Huku kwetu zilishuka rasharasha tu. Mbingu ikabaki nyeupe kama sahani iliyooshwa. Ila upepo haukuwepo kabisa. Mbuzi walipelekwa bondeni wakagoma, wakasimama njiani wamegeuza vichwa. Mbwa wa jirani yetu Elia alilia tangu alfajiri, si kubweka, kulia, mpaka Elia akamfunga kamba.

Mchana tukajifungia chumbani na mzazi. Ili Sabra asichoke kukaa, nikamtegea vitendawili kama alipokuwa mdogo.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu hapigi hodi, na akiondoka anaondoka na mlango."

Sabra akafikiri. "Mwizi."

"Siye. Nipe mji."

"Chukua Mikindani."

Kabla sijajibu, Bi Mwasiti akasema pale mlangoni, polepole, "Mafuriko." Hakuna aliyecheka. "Usitege vitu kama hivyo kwenye nyumba ya mzazi," akasema. "Tega yai. Tega nanasi. Vitendawili vimejaa duniani."

Hata sikujua kwa nini nilikitega. Kilikuja tu mdomoni. Nikatoka uani, nikampigia Asadi simu.

"Mama mkwe, kimbunga si kimepita? Nimeangalia kwenye simu sasa hivi, Mtwara jua tupu."

"Naliona, mwanangu. Lakini paka anahama."

"Paka?" Nikawasikia watu wa dukani wanacheka. "Mama, paka anasikia nini ambacho setilaiti haikisikii?"

"Sijui. Ndiyo maana nakupigia wewe."

"Msimtoe mke wangu kwa ajili ya paka. Mama yangu mnamjua. Ikitokea mtoto akapata homa tu, mimi nitawaweka wapi nyie wawili?"

Akakata. Na simu yake haikusema uongo, jua lilikuwa linawaka kwelikweli. Nikarudi chumbani nikamweleza Sabra. Alikuwa ananyonyesha. Akauliza, "Mama, kimbunga kimekwenda Msumbiji?"

"Ndiyo."

"Na Ruvuma si inapokea maji ya Msumbiji?"

Mvua iliyotukosa sisi ilikuwa imeangukia mtu mwingine, na mto ndio unaopita kwa wote.

"Maneno hayo," akasema Bi Mwasiti. "Mto ungejaa tungeusikia."

"Labda Shombo anausikia," Sabra akasema.

"Shombo ana wazimu wa uzazi! Wewe hutoki humu. Nilizika mmoja, sitazika wa pili."

Akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. Nami ningemwambia nini? Kama ningemtoa mtoto kisha maji yasije, na homa ikaja? Sikuwa na la kushika mkononi zaidi ya paka.

Wakati huo Shombo akawa anatoka na wa mwisho. Bi Mwasiti akainama amnyang'anye, akasita. Njiani, mbele ya mlango, panya walikuwa wanapita. Panya wa mashambani, wakubwa, mchana kweupe, wanapanda mlima wakifuatana kama sungusungu. Shombo akaingia katikati yao na mtoto mdomoni. Hakuwatupia jicho. Wala wao hawakumkimbia. Wakaenda pamoja, paka na panya, njia moja.

Bi Mwasiti akatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Mikono yake ikashuka kutoka kwenye miimo.

"Mtoto haoni mbingu," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Haoni," nikamwambia. "Lete shuka."

Tukaziunga shuka na kanga zetu kwa mafundo, tukatengeneza nyumba ya nguo. Mimi mbele na pembe mbili, yeye nyuma na pembe mbili, mikono juu, kanga zimening'inia pande zote. Sabra akaingia katikati, mtoto kifuani. Bi Mwasiti akasoma alichosoma, akampulizia mtoto utosini, ndipo tukavuka kizingiti.

Tulitembea kwa shida, mmoja akiharakisha nguo inavutika, mwingine akijikwaa nyumba inalala upande. Elia alikuwa chini kwenye mpunga wake, mundu mkononi, akatuona.

"Bibi! Harusi ya nani hiyo?"

"Ya paka!" nikamjibu. "Toka huko, Elia, uje ule pilau!"

"Nibakishieni ukoko!" Akacheka, akainama tena kukata mpunga.

Shule ilikuwa imefungwa, wanafunzi wako likizo. Tukaingia darasa la mwanzo, tukamkalisha Sabra sakafuni, tukamtundikia kanga dirishani. Mtoto amelala, hana habari. Bi Mwasiti akamgusa paji la uso, akangoja, akamgusa tena. "Yuko sawa," akasema. Akaketi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona amechoka.

"Kama hayaji," akaniambia, "Asadi atatucheka mpaka tufe."

"Na acheke."

Nikatoka barazani kuvuta pumzi. Bonde lote lilikuwa kimya. Hakuna ndege. Kisha nikaona kitu kinang'aa katikati ya mpunga, mbali na mto, mahali ambapo siku zote hapana maji. Kiling'aa kama mtu ameangusha kioo. Kikawa kipana. Hakikuwa na sauti yoyote. Mpunga ulikuwa unalala wenyewe, mstari kwa mstari, bila upepo.

"Elia!" nikapiga kelele. "Elia, nyuma yako!"

Akageuka. Nilimwona akitupa mundu. Akaanza kukimbia kuja juu, na ule mng'ao nyuma yake unakuja taratibu tu, kama kitu kisicho na haraka kwa sababu kinajua kitafika.

Mbwa wake akatufikia kwanza, kipande cha kamba kinaburuza shingoni. Nikamwita. Hakugeuka. Nyuma yake wale mbuzi. Nilidhani watasimama pale shuleni, ndiyo sehemu tuliyozoea kukimbilia sote tangu enzi za mama zetu. Hawakusimama. Wakapita kati ya madarasa, wakapita jiko la shule, wakashika njia ya juu zaidi, ya kwenda barabarani Madimba. Na panya vilevile. Nikakumbuka kwenda kutazama nyuma ya jiko. Hapakuwa na paka wala mtoto wake hata mmoja.

Niliporudi darasani, Sabra alinisoma usoni. "Mama, si tumefika?"

Bi Mwasiti alikuwa ameshasimama mlangoni, ameyaona mwenyewe, mbuzi na maji. Akazivuta zile kanga kutoka dirishani, akazifunga upya mafundo kwa meno, akanisukumia pembe zangu mbili.

"Inuka, mwanangu," akamwambia Sabra. "Twende mbele. Mfunike mtoto vizuri."