Upana wa Darasa la Pili

Ndoo ya kwanza ya rangi iligoma kufunguka. Katibu aliibana katikati ya magoti, akachomeka bisibisi chini ya mfuniko na kuuzungukia kidogo kidogo, huku wenzake wakitandaza magazeti sakafuni na kubishana nani aanze na rola. Walikuwa wanachuo wa ualimu katika wiki yao ya huduma kwa jamii, na waliitana kwa vyeo walivyogawana siku ya kuundwa kwa kundi: Mwenyekiti, Mhazini, Katibu. Vyeo vyenyewe vilikuwa vikubwa kuliko chumba. Darasa la pili la shule ile lilitosha safu moja ya madawati na mtu mmoja wa kupita, tena apite kiubavu.

Halikujengwa hivyo. Mwalimu mkuu, mama mtaratibu aliyezungumza huku akipapasa meza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, aliwaeleza bila haraka. Kila mwaka chuo kilileta kundi, na kila kundi lilipaka rangi darasa la pili, kwa sababu ndilo lililo karibu na geti na ndilo linalotoka vizuri kwenye picha. Kwingineko rangi ikikauka hubaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Pale ilikauka kwa unene wa shubiri ya mkono. Miaka ikaenda, shubiri juu ya shubiri, safu nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili, na sasa ilibaki hiyo moja. Watoto waliozidi walikaa nje chini ya dirisha na kufundishwa kwa kusikia. Mvua ikinyesha walirudi nyumbani.

“Lakini kuta zinapendeza,” mwalimu mkuu alisema, na hapo hakudanganya.

Mhazini aliuliza tu kama rangi waliyoleta itatosha.

Katibu alikuwa na lake moyoni. Somo hili la huduma kwa jamii alilifeli mwaka uliopita. Kundi lake la wakati ule lilichagua kuwasomesha watoto wasiojua kusoma, na mkufunzi alipokuja kukagua alizunguka uwanja mzima na kamera yake asione cha kupiga. Aliwapa alama za huruma, na huruma yake haikufika hata nusu. Anayefeli mara mbili chuoni hufungasha virago, hakuna cha kubembelezana. Nyumbani mama yake alikwisha kuanza kumwita mwalimu mbele ya majirani, na kila alipomwita hivyo binti alitafuta cha kufanya jikoni.

Kabla ya kupaka walifanya utafiti wa mahitaji, kama walivyofundishwa. Mwenyekiti alisimama mlangoni, akakohoa, akawauliza watoto shule yao inahitaji nini.

“Raaangi!” watoto waliitikia, wa ndani na wa nje, kwa sauti moja.

Walifundishwa jibu hilo na mwalimu wao wiki nzima, wageni wasije wakaaibika. Mwenyekiti akageuka na uso wa mtu aliyekwisha kumaliza nusu ya kazi, na watoto wakaambiwa watoke nje.

Alibaki mmoja. Mwisho wa chumba kulikuwa na dawati lililomezwa na ukuta, ikabaki pembe tu, pana kama daftari, na kipande cha benchi. Pale alikaa msichana waliyemwita Kiduchu, tako moja kwenye benchi na la pili hewani. Hakuna mwingine aliyetosha. Alikuwa ameilinda nafasi ile tangu shule ifunguliwe, na hata kwenda haja alikwenda mbio.

“Mwalimu, na huku mtapaka?”

“Tutapaka kuta zote,” Katibu alijibu.

“Sasa mimi nitakaa wapi?”

Katibu alimwambia wataona. Ni jibu ambalo watu wazima huwa nalo karibu, na Kiduchu alilipokea kama mtu aliyewahi kupewa jingine kama hilo.

Penye bomba la maji Katibu alimvuta Mwenyekiti pembeni. Alimwambia vyoo vya wasichana havina milango, wangeweza kuitengeneza hiyo. Au wakwangue kuta badala ya kuzipaka, angalau safu moja irudi. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyebeba ndoo nzito kuliko wote, na alimsikiliza mpaka mwisho.

“Dada, mlango wa choo nani ataubandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo?” alisema. “Halafu wewe ndiye huna nafasi ya kucheza.”

Katibu akaenda kwa mwalimu mkuu. Kukwangua haiwezekani, mwalimu mkuu alieleza, kwani kila kundi limeandika majina yake ukutani, chuo kitaona kimedharauliwa na hakitaleta watu tena. Katibu akauliza kwa adabu kama wasipoleta watu haitakuwa nafuu. Mwalimu mkuu akaipata miwani yake, akaivaa na kumtazama.

“Mwanangu, mwaka mzima hakuna mwingine anayekuja hapa.”

Wakapaka. Katibu aliomba upande wa ndani kabisa. Alilizunguka dawati lile kwa brashi, akaacha mraba usioguswa kwenye usawa wa mtoto aliyekaa. Usingizi ulimpaa usiku kucha. Asubuhi rangi ilikuwa imeumuka kama unga wa maandazi na kuta zimesogeana, lakini pale alipoacha palikuwa na kishimo safi. Kiduchu alikiona, akajipenyeza mgongo kwanza, akafungua daftari. Katibu alishusha pumzi.

Hakuishusha yote. Mwenyekiti aliingia kiubavu, akatazama kile kishimo, akasema kwenye picha kitaonekana kama wameishiwa rangi, na mkufunzi anafika mchana. Hakufoka. Wenzao walikuwa nyuma yake, kila mmoja na hofu yake ya kufelishwa na mtu mwingine. Simu ya Katibu ikatikisika mfukoni. Mama yake alitaka kujua kama wamekwisha kukaguliwa.

“Toka kidogo,” Katibu alimwambia Kiduchu.

Mtoto alikusanya daftari, kalamu na kipande chake cha rula, akatoka bila kubisha. Angelia ingekuwa afadhali. Katibu alichukua brashi ndogo na kuujaza mraba ule mwenyewe, kona kwa kona, bila tone kuchuruzika. Alikuwa na uchungu na alipaka vizuri, vyote kwa pamoja, na ndiyo ikawa sehemu nadhifu kuliko zote. Jua lilipofika kichwani pembe ya dawati ilikwisha kumezwa.

Mkufunzi alijaribu kuingia, tumbo likakataa, akakagulia mlangoni. Aliridhika sana. Akamwuliza kila mmoja amejifunza nini katika mradi huu. Mwenyekiti alijifunza uongozi, Mhazini uvumilivu. Katibu akasema amejifunza kupanga muda. Mkufunzi alitikisa kichwa kwa kukubali na kumwambia safari hii amepita, na Katibu akajaa furaha. Aliionea haya furaha hiyo, lakini haikuondoka.

Ikabaki picha. Watoto waliitwa waingie, wakaingia kiubavu mmoja mmoja, wakapangana vifua kwa migongo mpaka chumba kikajaa. Kiduchu alikuwa wa mwisho. Alijaribu kwa bega, akajaribu kwa kichwa, kisha akarudi nyuma na kusimama kizingitini.

“Ngoja hapo nje,” Katibu alisema.

“Mpaka lini?”

Mkufunzi alishusha kamera ili aone mwanachuo wake atalimudu vipi swali la mtoto. Katibu alinyoosha mgongo.

“Uliza kwa sentensi kamili.”

Kiduchu aliweka mikono nyuma, akafikiri.

“Mwalimu, mimi nitangoja hapa nje mpaka lini?”

“Vizuri sana,” Katibu alisema. “Haya, mpigieni makofi.”

Walio ndani walitaka kumpigia, ila hapakuwa na nafasi ya kutanua mikono.