Betri ya Volti Sita

Alasiri ya Jumatano fundi Mihayo alikokota pikipiki hadi mlangoni pa duka langu hapa Lusahunga. Ilikuwa nyekundu iliyopauka, ya zamani, ya aina waliyopewa makatekista enzi zile. Nyuma yake alikuja mzee mwenye koti la kijivu, kofia mkononi.

"Dada, honi kimya, taa kimya," Mihayo alisema. "Kwa kiki inawaka vizuri, lakini mzee anakwenda Murusagamba. Giza litamkutia porini, na haya malori unayajua. Betri ya hii kitu unayo wewe peke yako."

Kabla hajamaliza nilishamtambua mzee. Alikuwa Audax, katekista wa kijijini kwetu Murusagamba, baba yangu wa ubatizo. Yeye hakunitambua. Miaka tisa si michache, nami nimenenepa na kuvaa miwani. Sikumwamkia. Kwetu kumnyima mzee shikamoo ni sawa na kumtemea mate, na nilijua ninachofanya.

Niseme alichotutenda, msije mkaniona mbaya bure. Baba yangu, Celestini, aliingia Murusagamba akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Burundi. Alikulia pale, akaoa pale, akapanda migomba pale, na mimi nikazaliwa pale. Shamba letu na la Audax yalitenganishwa na mstari wa miyenzi tu, ile miti ya kupandwa mpakani. Siku ya ubatizo wangu ni Audax aliyenishika mbele ya padri. Sikukuu zote alikunywa pombe ya ndizi kwa baba, mrija mmoja, wakipokezana.

Halafu ukaja ule mkutano wa kijiji wa kutambua nani mwenyeji na nani mgeni. Kila mwenye asili ya ng'ambo alitakiwa kuwa na wazee wawili wa kusema, "Huyu namjua, huyu ni wetu." Mama Restuta alisimama akatusemea. Wa pili alikuwa Audax. Alisimama, akakunja kofia yake, akasema, "Celestini nimemjua ukubwani tu, alikotoka sijui. Na huyu binti sijui alikozaliwa."

Mtu aliyenishika kwenye maji ya ubatizo!

Tukaambiwa tutoke shambani hadi apatikane shahidi wa pili, na nani angethubutu kumpinga Audax? Msimu uliofuata alikuwa amehamisha miyenzi, anavuna ndizi zetu. Baba alifia hapa Lusahunga, katika chumba cha kupanga, akiuliza kama kuna mtu anayeipunguzia migomba majani makavu. Nilimjibu ndiyo, wapo. Tangu siku hiyo nina moyo mchungu, na sikuwahi kuomba utulizwe.

Basi milima haikutani, binadamu hukutana.

"Fungua ubavu," nilimwambia Mihayo. Alitoa betri ya zamani, imevimba, ncha zake zimeota ukoga mweupe. Nikaifuta nikasoma: volti sita. Nikapima kibati inapokaa, nikaangalia waya wa chanya unatokea upande gani, maana ncha zikikaa kinyume waya haufiki, na fundi mvivu atauvuta hadi ukatike. Kisha nikapanga betri tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa volti kumi na mbili, umbo dogo, inaingia kwenye kibati kile bila shida. Wengi huidhani ni bora kwa kuwa namba ni kubwa. Ukiifunga kwenye pikipiki ya volti sita, taa huwaka kama jua kwa muda mfupi, kisha balbu zote zinaungua. Ya pili ilikuwa volti sita, inang'aa, lakini ilirudishwa na mteja. Ukiipima inaonyesha nzima, ukiitembeza saa moja inazimika. Ya tatu ilikuwa mpya kabisa, haijatiwa tindikali.

Mzee Audax aliziangalia zote tatu kwa usawa. Hakujua kitu.

Nami nikaiona njia yote mbele yangu. Saa moja ya mwendo, jua linazama, pori kushoto na kulia, lori linakuja, na yeye hana taa wala honi. Mkono wangu ulikuwa juu ya ile ya pili. Nisiwadanganye, ulikaa pale muda mrefu, na nilifurahi ulivyokaa.

"Mzee," nikasema, "sheria ya wauza spea wa hapa unaijua? Betri mpya haitoki mpaka ya zamani ibaki, na anayeiacha lazima awe na mwenyeji wa kumtambua, aandikwe daftarini. Wezi wa betri wametusumbua. Nani anakujua hapa?"

"Hapa? Mimi napita tu, mama. Natoka Biharamulo kwenye mazishi."

"Basi huna mtu."

Alitoa macho. "Mimi ni mtu mzima, mama! Nina jina langu!"

"Jina kila mtu analo. Nani anakujua?"

Mihayo akaanza kunisihi, nikamkata kwa jicho. Mzee aligeuka huku na huku kama kuku aliyeingia nyumba ya watu, na hapo akaiona picha iliyo juu ya rafu ya vioo. Baba, na kofia yake ya Jumapili.

"Yule ni Celestini!" alipaza sauti. "Huyo namjua! Kwa hiyo wewe... Clarisse? Mwanangu Clarisse!" Uso wote ulimfunguka. Alimshika Mihayo bega. "Fundi, huyu ni mtoto wangu wa ubatizo! Nimemshika kwa mikono hii. Amezaliwa pale pale Murusagamba, nyumba ya pili na yangu, usiku mama yake akiugua uchungu ni mke wangu aliyekwenda! Mwenyeji wangu nimempata, ni yeye huyu, aandikwe!"

Nilifungua daftari.

"Maneno hayo hayo," nikasema. "Andika kwa mkono wako. Unamfahamu Celestini Nshimirimana tangu utotoni. Binti yake Clarisse amezaliwa Murusagamba, na shamba lao linaanzia ule mstari wa zamani wa miyenzi. Tia sahihi. Mihayo atatia yake kama shahidi."

Furaha ilimtoka usoni polepole. Alielewa. Aliangalia barabara, lori la matenki lilikuwa linapita na vumbi lake. Aliangalia jua.

"Clarisse, mambo yale yalikwisha."

"Kwa baba yalikwisha. Mimi bado niko hai. Andika, au sukuma."

Aliandika. Mwandiko wa katekista ni mzuri hata akilazimishwa. Mihayo akaandika jina lake chini. Nikagonga muhuri wa umoja wetu wa wauza spea, nikaupiga picha ukurasa kwa simu, mara mbili.

Kisha nikaichukua betri ya tatu. Nikaijaza tindikali chumba kwa chumba, nikaiacha inywe, maana betri ya namna hiyo haifungwi kabla ya nusu saa. Nusu saa nzima alikaa kwenye kigoda changu, chini ya picha ya baba.

"Nilikuwa na betri ya kukuzimikia njiani," nilimwambia nikiwa nafunga waya. "Ilikuwa mkononi. Lakini maiti haiitwi mkutanoni, Mzee. Nataka ufike salama. Jumapili baada ya misa nakuja Murusagamba na daftari hili, nitalisoma mbele ya watu wote, wewe ukiwa umekaa mbele. Halafu utang'oa miyenzi uliyoihamisha."

Nilibonyeza honi, ikalia hadi wauza mahindi wakageuka. Nikawasha taa, ikawa kali hata mchana. Mihayo alimpigia kiki.

Alipokwisha kukaa kwenye kiti, nilimsogelea, nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, Baba."

Alivaa kofia yake. Akaondoka bila kuitikia, taa yake ikiwaka.