Kichwa Kilichonyolewa kwa Amri Yangu

Ofisini wananiita Kioo. Hawaniiti usoni, lakini masikio ninayo. Jina lilinipata kwa sababu sipiti mbele ya dirisha bila kujitazama, na kwa sababu, nikiwa mkuu wa mauzo wa kampuni ya bima, nimewahi kumrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya ndevu. Kiduku sitaki, ndevu sitaki, hereni ndiyo usinitajie kabisa. Mteja hanunui bima, huwaambia vijana wangu, ananunua kichwa kilichomletea. Nayasema hayo kifua mbele, na kila Jumapili jioni najifungia bafuni kupaka mvi zangu piko. Mke wangu hunigongea mlango. "Toka humo, mzee, wenzio tunataka kuoga. Ujana haupakwi kwa brashi!" Nyani haoni kundule.

Nyuma kabisa ya ofisi yetu, ubavuni mwa stoo ya karatasi, kuna chumba cha simu. Humo ndimo alimokaa Rasta. Kila mtu alimwita hivyo, nami nilimwita hivyo, na nywele zake zilimfika katikati ya mgongo. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, kibarua wa miaka miwili asiye na mkataba. Mteja akipiga simu lori lake limelala mtaroni na dereva hajulikani alipo, Rasta alizungumza naye taratibu mpaka mtu anakata simu anamshukuru, na bado hajalipwa hata senti. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pake mara tatu kwa siku. Naona zile nywele, nasonya, naendelea na safari.

Basi akatokea mama mmoja mwenye malori arobaini. Sita tu ndiyo aliyokuwa ameyakatia bima kwetu, na kila yalipopata ajali aliongea na Rasta. Siku moja akanipigia mimi.

"Nataka kuyaleta yote kwenu," akasema. "Ila uje na yule kijana wa kwenye simu. Nataka nimwone, awe ndiye mtu wangu. Wewe sikujui."

Neno hilo la mwisho lilinichoma kidogo, lakini malori arobaini ni malori arobaini. Alhamisi nikamwita Rasta ofisini kwangu. Nikamwambia mama akikubali, yeye atapata mkataba wa kudumu na meza ya mbele, penye dirisha. Uso wake nadhani uliangaza. Nasema nadhani kwa sababu sikuutazama.

"Lakini hizo," nikasema, nikimwonyesha kwa kalamu, "hazipandi ngazi za watu."

"Bosi, zina miaka tisa. Mke wangu huzisokota kila Jumamosi, ndiyo muda wetu wa kukaa tukaongea. Nikizifunga nyuma vizuri, nikavaa suti?"

"Hata uzifunge kwa mnyororo. Unyoe, au ubaki na simu zako."

Akazirudisha nyuma ya bega, akasema, "Sawa, bosi."

Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilifika kwenye jengo la mama saa tatu kasoro, nimelowa, nimenuna, simu sikioni. Tulikuwa tumekubaliana na Rasta tukutane pale mapokezi. Nikaangaza macho huku na huku, marasta siyaoni. Karibu na lifti alisimama mtu mmoja mwenye kipara kilichong'aa, shati jeupe, suruali nyeusi. Akanisogelea.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba," nikajibu bila kuitoa simu sikioni. Kwa akili zangu ni mhudumu wa jengo. Nikavua koti la mvua linalochuruzika maji nikamtwika mikononi. Akafungua kinywa kusema kitu, nikamwinulia kidole asubiri, kwani nilikuwa naongea na mkurugenzi. Nilikuwa namwambia nini mkurugenzi? Nilikuwa namwambia kwamba Rasta hajafika, kwamba watu wa nywele zile ndivyo walivyo, ukiwapa nafasi wanakuaibisha. Niliyasema hayo hatua moja kutoka kwake. Lifti ikafunguka, nikaingia, nikamwacha amekumbatia koti langu.

Mpaka hapo ningeweza kusema nimekosea tu, binadamu hukosea. Kilichofuata sikukosea, nilikifanya.

Mama alikuwa mnene, mwenye miwani, na meza yake ilijaa vitabu vya malori. Alitazama nyuma yangu, akaona siko na mtu.

"Kijana wangu yuko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake uongo ukanitoka laini, kana kwamba nimelala nao. "Mama, nasikitika. Amenipigia asubuhi hii. Ana marasta, nilimwomba ayapunguze kwa heshima yako, akagoma. Amesema kama ni kunyoa, bora kazi yenyewe aikose. Lakini usijali, mimi mwenyewe nitakuhudumia."

Mama akanitazama juu ya miwani yake. "Amegoma? Yule?"

"Vijana wa siku hizi, mama."

Akachukua simu yake, akabonyeza namba ambayo sikujua kuwa anayo, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya wote kusikia.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Shikamoo, mama. Niko hapa chini kwenu tangu saa mbili," ile sauti ikasema, taratibu kama kawaida yake. "Bosi alikuwa na haraka, ametangulia. Nimemshikia koti lake."

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Mama alisema, "Panda juu," akakata simu, akaanza kupanga vitabu vyake. Nilitamani anitukane. Tulikaa hivyo tukisikiliza mvua, na mimi nikihesabu vigae vya sakafuni ili nisiinue macho.

Akaingia. Koti langu alikuwa amelikunja vizuri, sehemu iliyolowa ameigeuzia ndani, na maji yake yamemlowesha shati. Kichwa cheupe kama sahani, na juu ya sikio mkwaruzo wa wembe ambao haujapona. Mama akakitazama kile kichwa. Kisha akanitazama mimi. Hapakuhitajika mtu kunishtaki.

"Nasikia ulikuwa na marasta," mama akamwambia.

"Nilikuwa nayo, mama."

"Nani kakunyoa?"

Hapo nilijua nimekwisha. Mtu yule alikuwa na haki ya kunivua nguo mbele ya mteja, na mimi nisingekuwa na neno. Akanitupia jicho mara moja, akarudi kwa mama.

"Nimenyoa mwenyewe, mama. Joto."

Nje mvua ilikuwa inapiga madirisha. Mama alikohoa, akafungua kalamu. "Haya, joto," akasema. Akatia saini malori yote arobaini, na kila karatasi akamsogezea yeye, si mimi. Tulipoinuka akaniambia kwa adabu kabisa kwamba sitakuwa na haja ya kuja tena, huyu anatosha.

Uso umeumbwa na haya, na wangu siku hiyo uliwaka mpaka masikioni. Tukaingia kwenye lifti wawili tu. Nilishauriana na ulimi wangu ghorofa mbili nzima.

"Nisamehe," nikasema. "Sikukutambua."

"Hakuna neno, bosi. Watu wengi wamenipita tangu juzi."

"Na nyumbani? Wameshazoea?"

Akajipapasa utosi. "Mama watoto hajanitazama vizuri bado. Jumamosi alikaa kwenye mkeka na mikono yake mapajani, hajui aifanyie nini. Binti yangu mdogo, ana miaka minne, ndiye alinikimbia kabisa. Alilia. Halafu akarudi mwenyewe, akanishika mashavu, akaniangalia sana. Akamwambia mama yake, 'Ni baba. Macho ni yale yale.'"

Nilitaka kuyatazama macho hayo. Wallahi nilitaka. Nikashindwa, nikabaki nimekikodolea macho kifungo cha shati lake. Mlango ukafunguka, naye akasogea kando, koti mkononi, ili mimi nitangulie.